Meza moja, kazi moja, slipu mbili: nimehamia Arusha kumfuata mume, mshahara umeshuka, wa jirani yangu haukuguswa

MamaNoela_Sakina

Wakuu habari za jioni. Naomba wajuzi wa mambo ya utumishi mnisaidie, maana ofisini kila ninayemuuliza ananijibu kwa kunong'ona kisha anaangalia mlango.

Mimi ni mhasibu. Nilikuwa kampuni moja ya serikali kule Moshi, mapato yao mazuri tu. Sasa nipo taasisi nyingine ya umma hapa Arusha. Zote mbili ziko chini ya Msajili wa Hazina, makato yangu ya pensheni yanakwenda PSSSF ile ile, cheki namba ni ile ile. Niliomba uhamisho mwenyewe kupitia ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni, na kwenye sababu nikaandika ukweli: kumfuata mwenza. Mume yuko Arusha, mtoto ameanza shule, na mimi kila Jumatatu alfajiri niko kwenye Noah. Mliowahi kuganda Usa River mpaka Tengeru huku saa inakimbia mnanielewa.

Moshi mshahara wangu wa msingi ulikuwa milioni 1.7. Huku muundo wao ni wa chini, kwa cheo changu cha Mhasibu Daraja la II nimepokelewa na milioni 1.3. Barua ilisema nitalipwa kwa muundo wa huku na nikasaini nikijua, kwa sababu niliambiwa nisiposaini kibali kinarudi Dodoma na nafasi anapewa mwingine. Hilo nilishalimeza.

Lililonikwama ni hili. Kuna kaka tunakaa meza moja, naye Mhasibu Daraja la II. Yeye anashughulikia malipo ya wazabuni, mimi mapato, mwisho wa mwezi tunafanya usuluhisho wa benki pamoja, yeye akisoma mimi nikitiki. Yeye alikuja baada ya shirika lake kuunganishwa na jingine, wakagawanywa. Orodha ya mishahara inapita mikononi mwetu, kwa hiyo siri hakuna. Anachukua milioni 1.9, na pembeni ya jina lake pameandikwa "mshahara binafsi".

Kazi moja, cheo kimoja, mwajiri wa mwisho mmoja. Tofauti laki sita. Je, ninaweza kudai? Na nikidai, nadai kwa nani?

KitiChaMbele

Nimekaa. Mzee wa Masjala aitwe haraka.

Chomoka_Ngarenaro

Dada, milioni 1.3 na bado unalia? Hapa soko la Kilombero kuna kijana ana digrii ya uhasibu anapanga viazi kwenye ndoo. Ungemwachia hiyo nafasi akakuombea dua kila Ijumaa na kila Jumapili.

MamaNoela_Sakina

Kaka, huyo kijana namwonea huruma kweli, lakini laki nne zangu zilizopungua hazijaenda kwake. Tuendelee na mada.

Kamanda_Mianzini

Hii iko wazi kabisa. Katiba ibara ya 23, kila mtu ana haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi. Kesho asubuhi nenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, chukua fomu, jaza, mburuze mwajiri. Usibembeleze mtu.

MzeeWaMasjala

Binti, kabla hujamburuza mtu naomba tusome kwanza.

Nimestaafu, lakini ujana wangu wote umekwishia kwenye ofisi za utawala, tangu majalada ya kamba mpaka mifumo hii ya kompyuta. Malalamiko kama lako nimeyapokea mengi, na karibu yote mlalamikaji anaanza kwa kuitazama slipu ya jirani. Slipu ya jirani inauma, sikatai, lakini haikusaidii. Kinachokusaidia ni barua yako.

Uhamisho una milango miwili. Ukihamishwa na mamlaka kwa manufaa ya umma, au shirika lako likaunganishwa au kufutwa nawe ukapangiwa kwingine, hukuomba wewe. Kwa hiyo mshahara wako haushushwi. Ukikuta muundo wa huko uendako uko chini, mwajiri anaombea kibali Utumishi, unalipwa ule ule wa zamani kama mshahara binafsi. Unaitwa binafsi kwa sababu haumo kwenye cheo. Umo kwako. Ukiondoka, anayekuja kukaa kwenye kiti hicho anaanza na mshahara wa muundo. Mlango wa pili ni kuomba mwenyewe. Hapo mwajiri mpya anakuuliza: muundo wetu ndio huu, unautaka huutaki? Ukiutaka, unahama kwa gharama zako, hakuna posho ya usumbufu, hakuna pesa ya mizigo, na mshahara ni wa huko.

Huyo kaka alipita mlango wa kwanza, wewe wa pili. Ndiyo maana slipu zenu hazifanani, na mwajiri akiulizwa atajibu hivyo hivyo.

Lakini sijamaliza. Tuwekee hapa aya za masharti za hiyo barua neno kwa neno. Futa majina, futa kumbukumbu namba.

MamaNoela_Sakina

Shikamoo mzee. Hizi hapa:

"2. Ofisi imeridhia kukupokea kwa sharti kwamba utalipwa mshahara wa ngazi ya cheo chako kwa mujibu wa Muundo wa Mishahara wa Taasisi.
3. Kwa kuwa uhamisho huu umetokana na maombi yako binafsi, gharama zote zitakazotokana na uhamisho zitakuwa juu yako."

Chini kuna mstari wa nukta wa kusaini, "Nimesoma na kukubaliana na masharti haya". Hayo tu.

MzeeWaMasjala

Marahaba. Nilijua kuna kitu.

Aya ya 3 ni ya kawaida, iache. Isome aya ya 2 polepole. Inasema "mshahara wa ngazi ya cheo chako". Ngazi ya mshahara haina mshahara mmoja. Chukua hata TGS D, ngazi ya mishahara ya serikali wanayoijua wote: kuna D1, D2, D3 na kuendelea, kila nyongeza ya mwaka inakusogeza hatua moja. Miundo ya mashirika nayo ina hatua zake. Sasa milioni 1.3 uliyopewa ni hatua ya ngapi?

MamaNoela_Sakina

Ya kwanza kabisa. Nimeangalia muundo sasa hivi.

MzeeWaMasjala

Na kwenye daraja hilo la II umekaa muda gani kule Moshi?

MamaNoela_Sakina

Niko daraja hilo tangu 2020. Nilikuwa nakaribia kupanda.

MzeeWaMasjala

Basi ndiyo hoja yako hiyo.

Wamekupanga kama vile jana umetoka kwenye usaili wa Ajira Portal. Kuhama si kuajiriwa upya. Uhamisho hauvunji utumishi wako, tarehe ya ajira ya kwanza ni ile ile, tarehe ya kupanda daraja ni ile ile. Ulikubali muundo wao, sawa. Ila barua haikusema "hatua ya kwanza", na wewe hukusaini kwamba miaka yako kwenye daraja inafutwa. Mwombe mwajiri akupange kwenye hatua inayolingana na utumishi wako ndani ya muundo huo huo. Si milioni 1.7 na si 1.9. Itakuwa hapo katikati, kutegemea muundo wao una hatua ngapi na kila hatua ina pesa ngapi.

Na muulize jambo jingine ambalo watu wengi hawaliulizi: tarehe yako ya kupandishwa daraja imesomwa vipi kwenye mfumo? Kuna wanaohama na mfumo unawahesabu kuanzia siku waliyoripoti. Mtu alibakiza mwaka mmoja apande, anajikuta anasubiri upya. Hiyo hasara inapita laki nne zako mara nyingi, kwa sababu inakufuata mpaka siku ya kustaafu.

FundiBomba_Kwa_Mrombo

Mzee heshima yako. Nakazia hapo kwenye tarehe ya daraja. Mimi nilikuwa idara ya maji halmashauri, 2019 tukabebwa kwenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa sheria mpya ya maji. Kabla yetu wahandisi wa barabara walibebwa kwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, 2017. Mifuko ya pensheni nayo ikaja 2018, PSPF, LAPF, PPF na GEPF vikawa PSSSF moja, watu wakatoka pande nne wakakaa jengo moja. Mwaka 2025 TIC na EPZA, taasisi za uwekezaji, zikawa TISEZA moja. Kila panga pangua ikija, kazi inahama na mtu wake, lakini jalada lake linaweza kubaki nyuma likasubiri mtu wa kulileta. Mimi jalada langu nililifuata mwenyewe.

Kwa hiyo MamaNoela usione haya kwenda masjala ya Moshi kuulizia jalada lako limetumwa lini na likapokelewa na nani. Usishangae ukikuta Arusha wanafanya kazi na nakala ya barua ya ajira na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, basi.

Mama_Pasua

Mimi niko upande wa yule kaka mnayekaa naye meza moja, nimeona niseme maana humu kila mtu anamwona kama mwizi.

Nina mshahara binafsi. Shirika letu liliunganishwa, nikapangiwa taasisi ya Moshi ambayo muundo wake uko chini. Sikuomba kuja, nililetwa na barua. Wiki ya kwanza tu wenyeji walishajua slipu yangu, sijui nani aliwaambia, na jina langu likabadilika. Mpaka leo mhudumu akileta chai atasikia sauti nyuma, "Mpelekee mama Binafsi bili, yeye ndiye mwenye shirika." Tunacheka. Na mimi nacheka. Lakini mwezi hadi mwezi inachosha.

Halafu watu hawajui kinachofuata. Mshahara wangu umesimama. Wenzangu wakipata nyongeza ya mwaka, wanasogea, mimi nipo pale pale mpaka muundo wa taasisi unifikie. Mimi nilishapita kilele cha ngazi yangu, nitasogea kuelekea wapi? Nikipanda daraja, mshahara wa cheo kipya bado uko chini ya ninaochukua, kwa hiyo napongezwa kwa barua bila shilingi. Na uliolindwa ni mshahara wa msingi tu. Kule nilikotoka kulikuwa na posho ya nyumba na usafiri wa kazini, vyote vilibaki kule kule. Ukijumlisha kila kitu, mwaka ule wa kwanza nilikuwa nimeshuka, ila kwenye karatasi naonekana bosi.

Kwa hiyo mdogo wangu MamaNoela, huyo kaka msimnunie. Ukimuuliza vizuri utakuta naye ana barua anayoililia.

MamaNoela_Sakina

Asante dada. Kwa kweli hajawahi kunikosea, tena ndiye aliyenifundisha mfumo wa malipo wa huku. Sikuwa nayajua hayo ya kusimama.

Kamanda_Mianzini

Naona tunaanza kuoneana huruma. Haki ni haki. CMA ipo, sheria ya kazi ipo. Kampuni ya serikali iliyosajiliwa BRELA ni kampuni kama kampuni nyingine.

WakiliWaMtaani

Mkuu Kamanda, ari yako naipenda ila utampotezea dada wa watu muda, na kwenye haya mambo muda ndiyo kila kitu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu mtumishi wa umma, hapo uko sahihi. Lakini mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma iliongezewa kifungu cha 32A: mtumishi wa umma amalize kwanza njia zilizomo ndani ya sheria hiyo ya utumishi, ndipo aende kwenye sheria za kazi. Watu walibishana sana kama hilo linawagusa mashirika. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Shirika la Posta, ikasema CMA haikuwa na mamlaka ya kusikiliza mgogoro wa mtumishi wa umma. Posta ni shirika, si wizara. Kwa hiyo ukikimbilia CMA unaweza kusikilizwa, ukashinda, ukafurahi, halafu huko juu kila kitu kikafutwa kwa sababu ulianzia mlango usio wako.

Njia yake ni hii: mwajiri kwa maandishi, subiri jibu kwa maandishi, asiporidhika aende Tume ya Utumishi wa Umma. Rufaa kule ni siku 45 tangu upokee uamuzi. Ndiyo maana nasema jibu liwe la maandishi, maana siku haziwezi kuhesabiwa kutoka kwenye maneno ya kwenye korido.

Kuhusu hoja yenyewe ya malipo sawa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi na kinataja misingi yake: rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri na mingineyo. "Alikuja kwa kuunganishwa, mimi nilikuja kwa kuomba" haimo. Tofauti ya historia ya uhamisho, peke yake, si ubaguzi kisheria hata kama inauma vipi.

Binti_Machame

Wakili, ngoja nikuulize. Umetaja jinsia na umetaja ndoa.

Ni nani wanaoandika "kumfuata mwenza" kwenye fomu za uhamisho? Kila mmoja aangalie ofisini kwake. Kwetu, kila aliyekuja kwa kumfuata mwenza ni mwanamke. Mwanaume akipangiwa Arusha, mke ndiye anaacha kazi Moshi, Singida, Songea, anaomba kuja. Mwanaume kumfuata mke nimewasikia kwa hesabu ya vidole, na nao wanataniwa.

Sasa ukiwa na utaratibu usiotaja wanawake popote, lakini unasema anayeomba mwenyewe anashuka mshahara, na wanaoomba kwa sababu ya ndoa karibu wote ni wanawake, huo utaratibu umewashusha akina nani? Miaka kumi baadaye mtakuja kushangaa kwa nini wahasibu wanawake kwenye taasisi hiyo hiyo wanalipwa chini ya wanaume wenye cheo kile kile. Hakuna aliyewabagua, kila mtu ana barua yake, kila barua ina saini yake.

WakiliWaMtaani

Dada umenikamata, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizosemwa humu.

Kifungu hicho hicho cha 7 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja. Na kinamtaka mwajiri achukue hatua kuhakikisha wanaume na wanawake wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tanzania pia iliridhia Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa malipo sawa, mwaka 2002. Kwa hiyo unachosema kina pa kushika.

Tatizo ni ushahidi. Mtu mmoja na slipu mbili haitoshi. Utahitaji picha ya taasisi nzima: waliohamia, kwa sababu gani, walipangwa hatua ipi, wangapi wanawake. Hiyo picha MamaNoela hana haki ya kuichota kwenye orodha ya mishahara kwa sababu tu inapita mezani kwake. Tena hapa naomba anisikilize vizuri.

Dada, kwenye barua yako yoyote usitaje mshahara wa huyo kaka. Umeuona kwa sababu ya kazi yako. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kuna maadili ya utumishi, na mwajiri mjanja anaweza kuigeuza kesi: badala ya kujibu hatua ya mshahara wako, anakuandikia hati ya mashtaka ya kuvujisha siri. Nimeshuhudia mtu mwenye hoja nzuri akijitetea kwa jambo ambalo hakwenda kulidai.

KatibuTawi

Nakubaliana na wakili. Hiyo hoja ya Binti_Machame mahali pake ni Baraza la Wafanyakazi. Sisi wa chama tunaweza kuomba takwimu bila majina: wangapi wamehamia, jinsia, hatua walizopangwa. Mkurugenzi hawezi kusema ni siri, hakuna jina pale. Na kwenye mkataba wa hali bora mnaweza kuingiza kipengele kwamba anayehamia kwa sababu yoyote atapangwa hatua inayozingatia miaka yake kwenye daraja. Muundo wenyewe hatuwezi kuubadilisha, huo unapitishwa huko juu, lakini namna ya kumpanga mtu ndani ya muundo tunaweza kuizungumza.

Bahati mbaya wengi mnatukumbuka mkishasaini. Mnakatwa asilimia mbili kila mwezi halafu mkutano wa tawi wanakuja sita.

Chomoka_Ngarenaro

Sita na soda ikiwepo.

Kikokotoo_Himo

Hakuna aliyegusa mafao, ngoja nilete kalamu.

Kila mwezi mwanachama anachangia asilimia 5, mwajiri 15. Mshahara ukipungua laki nne, elfu 80 hazifiki PSSSF kila mwezi. Pensheni inakokotolewa kwa 1/580 mara miezi ya utumishi mara wastani wa mshahara wa mwaka. Tuseme atatumikia miaka 30, miezi 360. Pengo la laki nne kwa mwezi ni milioni 4.8 kwa mwaka, gawa 580 zidisha 360, unapata kama milioni 2.98 kwa mwaka za pensheni zilizopotea. Kwa mkupuo wa asilimia 35 na kizidisho 12.5, ni kama milioni 13 za mkupuo, na kama laki moja na sitini za kila mwezi mpaka anaingia kaburini. Hilo ndilo jina halisi la "kumfuata mwenza".

MzeeWaMasjala

Kalamu yako ni nzuri, ila umemtisha binti bure. Wastani unaotumika ni wa miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Huyu bado kijana, ana mtoto ndiyo anaanza shule. Akipangwa vizuri, akapanda daraja kwa wakati, hilo pengo linaweza kujifunga kabla hajafika huko. Hesabu yako inamhusu mtu wa miaka hamsini na kitu anayehama leo. Huyo ndiyo ajifikirie mara mbili kabla ya kubonyeza "wasilisha" kwenye ESS.

Mama_Pasua

Mimi nina hamsini na tatu, kwa hiyo mzee hapo umenipa sababu ya kumpenda mama Binafsi.

Mringa_Ngaramtoni

Niongeze kidogo kwa nini haya mapengo yapo. Miundo ya mashirika ilikua kila mmoja na bodi yake, mwenye mapato ya ndani akajilipa, anayesubiri ruzuku akabaki na chake. Ndiyo maana 2016 hayati Magufuli akiwa Chato alisema mambo ya mtu kulipwa milioni 40 kwenye shirika la umma yaishe, mwisho 15. Hilo liligusa vilele. Huku kwenye daraja la II na la I hakuna aliyekata wala kusawazisha kwa kishindo hicho. Na chini kabisa serikali inaongeza kima cha chini, kama Mei Mosi ya 2025 kule Singida, kutoka 370,000 hadi 500,000. Katikati ndiko wako akina MamaNoela, na katikati hakuna anayepigiwa makofi uwanjani.

Kamanda_Mianzini

Haya, CMA nimeifunga kwa muda. Lakini barua iandikwe kali.

MamaNoela_Sakina

Wakuu, nawashukuru sana. Leo nimempelekea mwajiri barua kupitia kwa mkuu wa idara, nakala moja nimegongewa muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Nimeomba mambo mawili tu: nipangwe hatua inayozingatia utumishi wangu kwenye daraja tangu 2020, na nithibitishiwe tarehe ya kupanda daraja inayosomeka kwenye mfumo. Mshahara wa mtu mwingine sikuugusa. Neno "haki" halimo, neno "ubaguzi" halimo. Kamanda utanisamehe, si kali.

Afisa utumishi aliisoma mbele yangu. Akainua macho akauliza, "Hii ya hatua nani alikuambia?" Nikamwambia iko kwenye barua yenu wenyewe, aya ya 2. Akanyamaza kidogo, akasema kuna wengine watatu waliopokelewa kwa barua ya namna hiyo, kwa hiyo atalipeleka kwa mkurugenzi kwa pamoja. Sijui kama hiyo ni habari njema au ndiyo linakwenda kulala. Na suala la takwimu bila majina nimeliacha kwa katibu wa tawi letu, kasema kikao cha Baraza kiko mwezi ujao.

MzeeWaMasjala

Hao watatu ni habari njema kwako. Mmoja ni mlalamikaji, wanne ni kosa la ofisi, na ofisi inajua kulirekebisha kosa lake kimyakimya. Mpe mwezi, kisha andika barua ya kukumbusha ukitaja ile ya kwanza kwa tarehe. Usiende kumuulizia mdomoni.

Mpya_Kiboriloni

Samahani wakuu, uzi huu nimeukuta leo. Mimi niko halmashauri, fundi sanifu maabara ya maji, nahamia mamlaka moja ya maji. Nimepigiwa simu kwamba barua ya kupokelewa iko tayari, niende Jumatatu kusaini. Sababu yangu nilijaza "kumfuata mwenza". Nisaini au nisisaini?

MzeeWaMasjala

Nenda Jumatatu, ichukue, usisaini pale pale mezani. Waambie unaomba siku mbili uisome na familia, hilo hakuna atakayekunyima. Angalia kama imetaja ngazi tu au imetaja na hatua. Kama hatua haipo, omba iandikwe kabla ya saini yako, ukiambatanisha barua yako ya mwisho ya kupanda daraja. Kisha njoo uiweke hapa, majina umefuta.

Mpya_Kiboriloni

Shikamoo mzee. Barua ya mwisho ya daraja sina, ilibaki kwenye jalada.

FundiBomba_Kwa_Mrombo

Basi Jumatatu anzia masjala.